Horohoro kwa Baiskeli: Nani Atangulie?

Mwambie mtu wa Dar kwamba unakwenda Horohoro kwa baiskeli, swali lake ni moja tu: "Kufuata nini?" Wengi wanaijua kwa sababu ya basi la Mombasa, pale wanaposhuka na usingizi wao kwenda kugonga mihuri. Sisi tulikwenda kuufuata mwisho wa nchi. Tulikuwa wanne: mimi, mchumba wangu, na marafiki zetu, mtu na mkewe, ambao nitawaita Daktari na Mwalimu kwa kazi zao. Zaidi ya kilomita 400, siku tano, mwezi wa Julai. Huo ni msimu wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni ukielekea kaskazini. Ukienda Januari utakutana na kaskazi uso kwa uso, usije ukanilaumu.

Chalinze hadi Segera sina mengi ya kusema. Malori, basi! Ukishakata njia ya Tanga ndipo unapumua, na Muheza machungwa yanakungoja mafungu kwa mafungu kando ya barabara.

Ila mimi shida yangu haikuwa malori. Ilikuwa mgongo wa mchumba wangu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nauona kwa mbali, mdogo kama nukta, halafu unapotea kabisa. Akifika mbele ananisubiri chini ya mti, anakunywa maji, ananyoosha miguu. Nami nikifika tu, nahema, yeye huyo juu ya baiskeli: "Haya, twende!" Hebu piga hesabu, msomaji. Mwenye mbio anapumzika kila kituo. Wa polepole hapumziki hata mara moja. Siku tatu nzima hivyo. Na huku nyumbani vikao vya harusi vimeshaanza, kadi za michango ziko mikononi mwa watu. Usiku wa Muheza sikulala. Nilikuwa najiuliza kama hizo kadi zinaweza kurudishwa.

Nilimwambia tulipofika Tanga, tukila bada na samaki. Hakukasirika, alishangaa tu. "Lakini si huwa nakusubiri?" Mwalimu ndiye aliyemjibu, bila kuinua macho kwenye sahani: "Kesho atangulie yeye. Wewe kaa nyuma, na usimpite." Daktari akacheka peke yake. Nadhani amri hiyo alishaionja.

Tanga ni mji mzuri kwa mazungumzo ya aina hiyo, maana baiskeli pale ni usafiri wa kila mtu. Akina mama wamevaa baibui zao, kapu liko nyuma kwenye karia, wanakwenda taratibu na wala hakuna anayegeuka kuwatazama.

Asubuhi nikatangulia. Tukapita Amboni (mapango tuliyaacha, ukiyaingia siku imekwisha), tukapita Mabokweni, mkonge na minazi. Kilomita 65 za lami kutoka Tanga hadi mpakani zimetokana na fedha za Marekani, mkataba waliousaini Rais Kikwete na Rais Bush Dar es Salaam mwaka 2008. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Huku ni kwa Wadigo, na ng'ambo ya mpaka, Kwale, ni kwa Wadigo vilevile. Waingereza na Wajerumani walipouchora mstari wao mwaka 1886 hawakumuuliza Mdigo yeyote.

Kule nyuma kulikuwa kimya. Nilisimama nilipotaka. Kasera nikaagiza madafu, nikanywa hadi tone la mwisho, nikala na nyama yake, na hakuna aliyesema "haya, twende". Kuna mlima mmoja nilishuka nikasukuma. Nikasikia na yeye ameshuka. Mwenye miguu ile! Sikugeuka kumtazama, ila nilitabasamu peke yangu.

Horohoro yenyewe ni foleni ya malori, wabadilisha fedha na mama wa chai. Daktari alikuwa na hamu ya muhuri wa kumbukumbu kwenye pasipoti. Wapi! Siku hizi ni kituo cha pamoja: anayetoka Tanzania anahudumiwa Lunga Lunga, upande wa Kenya, na Horohoro inapokea wanaoingia. Akaambulia picha.

Mimi nilikaa kwenye benchi la mama wa chai, miguu inatetemeka. Mchumba wangu akaja na baiskeli zote mbili, akailaza yangu chini.

"Cheni yako inalia," akasema.

"Tangu Chalinze."

Akanitazama kidogo. Kisha akafungua begi, akatoa kichupa cha mafuta, akapiga magoti pale pale vumbini akaanza kuipaka, pingili moja baada ya nyingine, wakati safari imekwisha na baiskeli zinarudi juu ya basi. Mama wa chai akaniuliza kama ni mume wangu.

"Desemba," nikamwambia.