Maji ya Kwetu Yanapotokea

Mimi ni wa Mwanza. Tangu utoto naliona Ziwa Victoria likipokea mito, bila kujua maji yake linayatoa wapi. Ipo njia moja tu ya kutokea, nayo iko Jinja, Uganda.

Nililala Bugembe, makao ya ufalme wa Busoga, na sijutii. Asubuhi kando ya barabara ya Iganga kijana alivunja mayai mawili kikombeni, akayakoroga na nyanya na kabichi, akayakaanga na kuyaviringisha ndani ya chapati. Rolex hiyo niliila nimesimama, nikitazama kilima lilipo Kanisa Kuu la Kristo, ambamo Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, Nadiope wa 4 alifunga ndoa Novemba 2023. Kisha teksi, maana Waganda ndivyo waitavyo matatu, ikanishusha mjini.

Kwenye bustani ya chanzo cha Nile mitumbwi ya mbao yenye mashine ilikuwa imepangwa ufukweni, imepakwa rangi kama kanga za sikukuu.

"Kaa katikati, ndugu yangu," nahodha aliniambia. "Mto huu sisi Wasoga tunauita Kiyira."

Akazima mashine. Minandi walikuwa wamekaa juu ya mawe wakikausha mabawa, na mkondo ukatuchukua wenyewe. Hapo ndipo mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Julai 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon. Leo yamefunikwa na maji tangu bwawa la Owen lilipojengwa, 1954. Moyo ulinidunda. Maji yaliyoosha miguu yangu Kirumba, kule Mwanza, yalikuwa yakipita chini yangu kuelekea Misri.

Mle mtumbwini nikakumbuka meli ya kitalii niliyowahi kuiona Mombasa, ndefu kama mtaa. Abiria walishuka, wakaingia kwenye mabasi yaliyowasubiri, jioni wakarudi kula na kulala melini. Wauza vinyago wa jirani walikunja vitambaa vyao bila kuuza karibu chochote. Jinja mgeni hana meli ya kurudi. Atalala hapa, atakula ngege, samaki tunayemwita sato kwetu, atapanda bodaboda. Naupenda utalii wa namna hii, na ningeomba mitumbwi hii ibaki midogo.

Hata hivyo mto umewanyima wengine. Pale Bujagali, chini zaidi mtoni, vijana walikuwa wakijitosa kwenye maporomoko wamekumbatia madumu ya plastiki, watalii wakawatuza. Bwawa la umeme lililozinduliwa 2012 limeyazamisha. Umeme tunauhitaji, lakini riziki ile haikuhamishiwa popote.

Tuliporudi ufukweni nahodha alihesabu nauli yangu mbele yangu. Noti moja akampa kijana aliyeuvuta mtumbwi, nyingine akampelekea mama aliyekuwa akikaanga samaki chini ya mwembe. Iliyobaki akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitia kifuani.

"Mafuta ya kesho," akasema, akamwita abiria mwingine.