Mlima Hudai Mwishoni

Wapo wanaodhani kwamba kubashiri mshindi wa mbio ni kazi ya waganga au ya wacheza kamari. Huko Ngong, nje kidogo ya Nairobi, wajuzi wa mashindano ya farasi huyapekua matokeo ya mbio zilizotangulia: farasi huyu alianzaje, alimalizaje, na alibebeshwa uzito gani mgongoni, maana farasi aliye bora huongezewa mzigo ili asiwaache wenzake kirahisi. Sisi wa Mkumbi, katika milima ya Mbinga, farasi hatuna. Lakini mzigo na mwendo twavijua.

Mwaka 1980 nilikuwa mwalimu kijana. Michezo ya Olimpiki ya Moscow ilipokaribia, niliwahakikishia wanafunzi wangu kwamba Filbert Bayi angeleta dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wakenya, mabingwa wa mbio hizo, walikuwa wamesusia michezo. Hilo nililihesabu upande wetu. Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alipoongoza mita 1,500 toka mwanzo hadi mwisho kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967.

Jirani yetu mmoja, mzee mkulima wa kahawa, alikuwa akisikiliza. Akauliza, "Mwalimu, yule wa pili alikuwa nyuma kiasi gani?"

Nikamjibu kwamba John Walker wa New Zealand alichelewa kwa sekunde 0.36 tu.

"Na katikati ya mbio?"

Katikati Bayi alikuwa amewaacha wote mbali.

"Basi alikuwa akikamatwa, ila njia ilikwisha. Ukilipandisha gunia kwa haraka kutoka bondeni, mlima hukudai mwishoni. Na safari hii, mwanangu, njia ni ndefu maradufu, tena ina viunzi."

Nilimcheka mbele ya vijana. Nikasema mambo ya viwanjani si mambo ya ngoro. Kwa mtu aliyelishwa na kusomeshwa kwa ngoro hizo, neno hilo lilikuwa la aibu, na linaniuma hata leo.

Tarehe 31 Julai Bayi aliongoza kwa desturi yake, akawaacha wenzake mbali. Bronisław Malinowski wa Poland alivumilia nyuma, akampita katika mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi 8:12.48. Ilikuwa fedha, medali ya kwanza ya Tanzania katika Olimpiki, na kesho yake Suleiman Nyambui akaongeza ya pili katika mita 5,000. Wanafunzi walishangilia. Mimi nilikuwa nikihesabu: viunzi 28, maji mara 7, na mpinzani ambaye sikumpima kabisa, ingawa alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1974 na 1978, na wa pili kule Montreal mwaka 1976. Nilikuwa nimeisoma medali ya Christchurch. Mzee aliusoma mwendo.

Nilimfuata shambani kumwomba radhi. Alikuwa akichuma kahawa, wala hakusimama.

"Huyo aliyeshinda ametoka nchi gani?"

"Poland, mzee."

"Nako kuna milima?"

Nikatwaa kikapu, nikaanza kuchuma upande wa pili wa mbuni.