Nanga ya Nani?

Tulipewa zoezi la kutafsiri sehemu ya Mkakati wa Usalama wa Taifa wa Marekani, ule wa Septemba 2002, enzi ya Rais George W. Bush. Waraka huo unadai kwamba Marekani inatishwa zaidi na dola zilizoporomoka kuliko dola zenye nguvu za kuteka nyingine. Katika sehemu ya Afrika, Kenya imetajwa pamoja na Afrika Kusini, Nigeria na Ethiopia kuwa nanga katika kanda zao. Wenzangu aghalabu waliandika "nguzo". Mimi, mzaliwa wa Wasini, niliandika "nanga", nikakwama papo hapo.

Kwetu nanga si istiara. Ni chuma kinacholala mchangani chini ya maji, kikizuia chombo kisichukuliwe na mkondo. Hakiulizwi safari.

Nilimpigia simu mjomba wangu, nahodha wa jahazi la kupeleka wageni Kisite kutazama pomboo na matumbawe. Alicheka. "Nanga ya chombo cha nani, mwanangu?"

Kisha akaukumbuka mwaka 2003. Bomu la Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002 lilikuwa limekwisha kuwatisha wageni. Mei 2003 Marekani ikawaonya raia wake, na Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya hadi mwishoni mwa Juni. Wahenga walinena kuhusu fahali wawili na nyasi. Wasini hatukumwona fahali hata mmoja. Tuliona jahazi limefungwa, kamba ikiota mwani. Naam, ilikuwa kusi, na wageni wa kusi ni haba. Mjomba mwenyewe alikiri. Lakini hata bahari ilipotulia, alisema, walirejea kwa kudonadona. Kutoka kwetu hadi Ras Kamboni ni takriban kilomita 400, ilhali Tanga ni jirani. Katika ramani ya mkakati, pwani ni moja.

Sisemi hatari ilibuniwa. Waliouawa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 walizidi 200, na wengi wao walikuwa Wakenya. Januari 2020 Wamarekani watatu waliuawa katika kambi ya Manda, Lamu. Linalonikera ni usukani. Desemba 2020 Rais Donald Trump aliamuru sehemu kubwa ya askari wake wapatao 700 waondoke Somalia, na baadhi wakahamishiwa Kenya. Mei 2022 Rais Joe Biden akaidhinisha warudi. Chombo kiligeuzwa mara mbili, nanga pale pale.

"Nanga yangu huivuta kila jioni," mjomba aliniambia. "Naitazama kamba imelika wapi. Hiyo yenu huvutwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Niliwasilisha zoezi langu na neno "nanga" bila kulibadilisha. Mhadhiri alilipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Nguzo?" Alama ile ya kuuliza ni yake mwenyewe, na karatasi ningali nayo.