Majiko Matatu katika Waya Mmoja

Twapenda kuwaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, lisije likawapata walimu wenzetu.

Shuleni petu umeme huja kwa nyaya tatu, yaani fezi tatu, pamoja na waya wa nne uitwao nyutro, ambao ndio njia ya kurudi. Majiko matatu ya jikoni yalifungwa yote katika fezi moja. Siku moja mama mpishi alitujia, akasema, "Mwalimu, kuna harufu ya mpira unaoungua."

Tukachukua vipimo. Tukaona volti 230, ampea 30, na nguvu halisi ya wati 6,900. Tukazidisha volti kwa ampea tupate nguvu ionekanayo, tukakuta volti-ampea 6,900. Kwa kuwa zililingana, tulidhani nyaya zatumika vema kabisa. Tukamjibu, "Usiogope, mama, hesabu ni safi." Usiku ule kiungo cha nyutro kikaungua, karibu na bweni la watoto. Hakuumia mtu.

Je, tulikosa wapi? Tulihesabu fezi moja kana kwamba nyingine hazipo. Mwaka 1922 Mjerumani Buchholz alifundisha kuzihesabu zote pamoja kama kitu kimoja, na kanuni ya wahandisi IEEE 1459 ya mwaka 2010 yafuata njia hiyo. Nguvu ionekanayo ni nguvu kubwa kupita zote iwezayo kupita katika nyaya hizo bila kuzidisha joto lililopo.

Joto la waya hufuata mraba wa ampea. Tuseme nyaya zote nne zina unene mmoja. Sisi tulikuwa na ampea 30 za kwenda na 30 za kurudi: 900 na 900, jumla 1,800. Kama kila fezi ingalibeba jiko moja la ampea 10, tungalipata 100 mara tatu, yaani 300 tu, na nyutro ingalikuwa tupu. Basi joto letu lilikuwa mara sita. Kipeuo cha pili cha sita ni 2.45, hivyo nguvu ionekanayo ilikuwa kama volti-ampea 16,900, wala si 6,900.

Fundi ameyagawa majiko. Nasi tulimwomba mama mpishi radhi mbele ya wanafunzi, maana pua yake ilipima vema kuliko kalamu yetu.