Kompyuta ya Shangazi

Watu wengi katika mji wetu wa Bujumbura hudhani ya kuwa kompyuta ni kama gari la abiria: wewe wapanda tu, na dereva ndiye ajuaye njia. Ikisimama humwita fundi, na fundi akisema imekufa, basi imekufa. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu ya kwamba kwa kompyuta itumiayo Linux sivyo, kwa kuwa nimeliona jambo hili nyumbani kwa shangazi yangu huko Buyenzi.

Shangazi huuza vitenge, tena ndiye mweka hesabu wa kikundi cha akiba cha wanawake ishirini. Alisoma shule ya msingi huko Ulyankulu, mkoa wa Tabora, Tanzania, mahali walipopewa makazi Warundi wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Akarudi nchini mwaka 2008. Kwa hiyo Kirundi na Kiswahili avisoma vizuri, lakini Kifaransa hakijui. Laptopu yake ni kuukuu. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikuikubali kwa uzee wake. Basi tukaiwekea Xubuntu.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kumpa mwenziwe. Ubuntu, mojawapo ya aina zake, ilitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini pamoja na wenzake. Jina hilo kwetu si geni: kwa Kirundi ubuntu ni utu, na kitu kitolewacho bure twasema kimetolewa ku buntu. Xubuntu ni Ubuntu hiyo hiyo iliyovikwa eneokazi liitwalo Xfce. Eneokazi ni ile sura tuionayo kwenye skrini: madirisha, alama za kubonyeza, na kanda ya juu yenye saa. Katika Linux maeneokazi ni mengi, kama GNOME na KDE, na mtu huchagua limfaalo. Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, ni jepesi, hufaa mashine za kizee.

Siku ya kwanza Shangazi aliitazama akasema, "Mwanangu, chombo hiki chanisemesha Kizungu. Nitakijibu nini?" Kweli, maneno yote yalikuwa ya Kifaransa. Nikabonyeza kila alama ya kanda ya juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua sifa zake, nikafuta jina la zamani na kuandika jipya. Zikawa nne tu: Akiba, Madeni, Barua na Picha. Herufi nikazikuza ili asome bila kukunja uso. Vivuli vya madirisha nikavizima, maana havina kazi ila kuichosha mashine. Tena LibreOffice, programu ya barua na hesabu, inayo sura ya Kiswahili, ingawa si kila neno limefasiriwa. Kazi ya namna hiyo ina historia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Shangazi alipoona neno "Faili" alicheka, akavuta kiti.

Baada ya miezi michache yakatokea matata. Ilikuwa Ijumaa jioni, na kesho yake wanawake wa kikundi walikuwa wagawane akiba ya mwaka mzima. Shangazi akaandika neno lake la siri, skrini ikawa nyeusi, kisha ikarudi kumwuliza neno la siri tena. Akajaribu mara tano, hali ni ile ile. Fundi mmoja wa jirani akatazama kidogo akasema, "Tufute yote, tuanze upya." Shangazi akanitazama. Hesabu zote za wale wanawake zilikuwa mle ndani, na fedha ni za watu.

Mimi nalisema tuiulize kwanza mashine. Neno la siri lilipokosewa, ilikuwa ikisema wazi kuwa si sahihi. Hapa haikusema hivyo, bali iliingia kidogo ikatoka. Maana yake mlango ulikuwa mzima, na kilichoshindwa ni eneokazi. Linux ina mlango mwingine wa maandishi matupu. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, nikaandika jina na neno la siri, nikaingia. Nikaandika df -h, amri ya kuuliza nafasi ya diski. Jibu: asilimia 100 imetumika. Eneokazi likitaka kufunguka huandika faili ndogo ndogo kwenye diski; likikosa nafasi, hukurudisha mlangoni.

Kwanza nikanakili hesabu zote kwenye flashi. Halafu nikaipima folda moja moja kwa amri ya du. Jambo la ajabu: zilizoonekana hazikufika gigabaiti 10, na diski ni ya 128. Lakini katika Linux folda yenye jina lianzalo na nukta hufichwa. Nikazipima nazo, nikakuta zaidi ya gigabaiti 80 katika pipa la taka. Mwanawe mdogo wa Shangazi alikuwa akitia filamu na mechi za mpira, kisha akizifuta. Naye hakujua ya kuwa kilichofutwa hukaa katika pipa mpaka pipa limwagwe. Nikalimwaga, nikaiwasha mashine upya. Akiba, Madeni, Barua, Picha: zote zikatokea mahali pake. Jumamosi kila mwanamke akapata haki yake, hata faranga moja haikupotea.

Katika kazi hiyo nimeshika mambo matatu. Kwanza, nakili kilicho cha thamani kabla ya kugusa kitu. Pili, badili jambo moja tu, kisha tazama. Ukibadili matano kwa mara moja hutajua lipi liliponya na lipi liliharibu. Tatu, andika katika daftari kila ulichofanya, na nakala ya folda ya mipangilio uiweke kwenye flashi. Mipangilio mingi ya Xfce hukaa katika folda xfce4 ndani ya .config, na ikiharibika siku umeme unapokatika ghafula, utairudisha bila kuhangaika.

Wenzangu, katika mitaa yetu wako akina shangazi wengi wenye hesabu zao ndani ya mashine za kizee. Mkiitwa, na mtu akasema yafaa kufuta yote, mwombeni angoje nusu saa. Isomeni kwanza.