Mama, Nani Alikuelekeza Hapa?

Nilipohitimu diploma ya elimu maalumu pale KISE, chuo cha taifa cha elimu maalumu kilichoko Kasarani, nilitarajia kurudi darasani. Badala yake nikapewa barua ya kwenda kituo cha tathmini huku Kilifi, mojawapo ya vile vituo ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ili mtoto mwenye ulemavu apimwe kabla ya kutafutiwa shule. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Mlikuwa na meza, mkeka, njuga, vijisanduku vya rangi, kikombe cha bati na kijiko cha kupimia masikio ya watoto wachanga: unakigonga nyuma ya mtoto, mahali asipoona, kisha unatazama kama jicho au kichwa kitageuka.

Kabla sijaandika jina la mtoto nilikuwa nikiuliza, "Mama, nani alikuelekeza hapa?" Swali hilo nililiuliza miaka yote ya kazi, na majibu yake yalinifundisha kuliko ripoti za ofisini. Wengi walielekezwa na mzee wa kijiji, au abiria waliyekaa naye matatu moja, au mama mwenzao waliyekutana naye kwenye foleni ya dawa. Waliotumwa na mhudumu wa afya walikuwa wachache sana.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, uwanja wetu ulijaa. Walikuja watoto wa miaka minane, kumi, kumi na miwili, wengine hawajawahi kuvuka ua wa kwao. Niliwafurahia, na papo hapo nikaumia. Kijana wa miaka kumi mwenye mguu kifundo, yaani uliozaliwa umepinda ndani, mara nyingi anahitaji upasuaji mkubwa. Angeletwa katika wiki zake za kwanza, angefungwa plasta ya njia ya Ponseti, inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Baadaye kano ya kisigino hukatwa kidogo, mtoto akavishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, usiku na mchana kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka afikie miaka minne hivi. Mguu unanyooka, anatembea, anacheza mpira. Na mtoto kiziwi aliyefika miaka minane bila lugha yoyote, ya ishara wala ya mdomo, hata akipokewa vizuri katika shule ya viziwi ya Kibarani, ile miaka yake ya kujifunza lugha imeshapita mikononi mwetu sote. Ndipo nilipokata shauri kwamba sitawangoja watoto wafike umri wa shule. Nitawatafuta wakiwa bado wanabebwa.

Kuwatafuta kulinionyesha jinsi huduma zilivyotawanyika. Namkumbuka mama mmoja wa Ganze aliyekuwa na binti wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto alipatwa na degedege alipokuwa mchanga, akalazwa, akapona homa, lakini shingo ikabaki legevu na mikono ikakakamaa. Mama alikuwa akienda hospitali moja kila mwezi kuchukua dawa za kifafa. Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa jengo la pili kutoka dirisha la dawa. Miaka miwili alipita mbele ya mlango ule, na hakuna aliyemwambia kwamba mle ndani yuko mtu wa kumsaidia mwanawe.

Siku hiyo tulianza na uji, kwa kuwa mtoto alikuwa amekonda. Mama alimlaza mapajani, akakilaza kichwa nyuma, akamimina. Mtoto akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilimwomba mama tumkalishe tofauti: makalio ya mtoto yaingie katikati ya miguu ya mama, magoti yakunjwe, mabega yaletwe mbele, kidevu kishuke kidogo. Uji tukaufanya mzito. Kijiko kidogo, kiingie kwa mbele na si kwa juu, kibonyeze ulimi kidogo, kisha tungoje. Tulingoja sana. Mdomo ukafunga, koo likapanda na kushuka, uji ukaenda bila kikohozi. Mama akaniangalia akasema, "Mwalimu, kumbe anaweza kumeza?" Sikuwa nimempa dawa wala mashine. Ujuzi huo ungeweza kumfikia mtoto akiwa na miezi sita, ukamwepusha na nimonia alizougua kwa uji kuingia mapafuni.

Baada ya hapo nilinunua daftari gumu, nikaanza kuandika. Daktari wa mazoezi yupo hospitali ipi, siku zipi, na nani hushika zamu akiwa likizo. Kliniki ya APDK, chama cha kuwahudumia watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1958, iko Port Reitz kule Mombasa. Huko hutengenezwa viatu, vishikizo vya miguu na viti vya magurudumu, na wataalamu wake hutoka kwenda vijijini. Niliandika tarehe zao za kuja upande wetu. Niliandika chekechea ambazo mwalimu wake hakubali mtoto arudishwe nyumbani kwa kuwa hajui kujisaidia mwenyewe. Niliandika hata nauli, maana mama asipojua nauli hawezi kupanga safari.

Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, daftari likawa la lazima zaidi. Hospitali na chekechea zikaenda chini ya kaunti. Vituo vya tathmini na shule za msingi vikabaki na wizara Nairobi. Kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lakini fomu yake hujazwa na madaktari wa hospitali. Fedha za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi, zina ofisi yake nyingine. Mtoto ni mmoja, naye amegawanywa. Ninaamini hakuna aliyekusudia ubaya hapo, ila mzigo wa kuunganisha ofisi hizo wameachiwa akina mama, na hao ndio wenye nauli ndogo na mtoto mgongoni.

Msaada ambao sikuutarajia ulitoka kwa akina mama wenyewe. Tulikuwa tukiwaita siku moja ili tusaidiane kuwapima watoto, wakawa hawaondoki. Wakakaa kwenye mkeka wakibadilishana habari: fundi gani wa mbao hutengeneza kiti chenye meza kwa bei nafuu, bibi gani wa Kaloleni huweza kumshika mtoto wako ukienda sokoni, umjibuje baba mkwe anayesema mtoto ni laana. Mambo hayo mimi nisingeweza kuwafundisha. Mama aliyefika wiki hiyo kwa mara ya kwanza, macho chini, mtoto kafunikwa leso hadi usoni, aliondoka leso ikiwa begani.

Nimestaafu sasa, na hukumu yangu ni hii: mahali pa kuanzia ni kliniki ya chanjo. Hakuna ofisi nyingine ambayo karibu kila mama huifikia. Anakwenda mtoto akiwa na wiki sita, wiki kumi, wiki 14, miezi tisa, mwaka na nusu. Mtoto hupimwa uzito, nukta ikatiwa kwenye kitabu chake cha kliniki. Kitabu hichohicho kina ukurasa wa hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaza shingo, kugeukia sauti, kukaa. Muuguzi akiusoma ukurasa huo pamoja na mama kwa dakika chache, na ukutani pembeni mwa mizani pakabandikwa karatasi yenye jina na simu ya daktari wa mazoezi na ya kituo cha tathmini, watoto wengi watafika mapema. Zahanati tulizobandika karatasi hizo ndizo zilizoanza kututumia watoto wachanga.

Nawe unayesoma, ukimwona mtoto wa jirani ana miezi sita na shingo bado haijakaza, au unamwita kwa nyuma hageuki, usimwambie mama yake kwamba ataweza tu baadaye. Mwambie achukue kitabu cha kliniki, aende zahanati, aulize daktari wa mazoezi yuko wapi na kituo cha tathmini kiko wapi, na asiondoke bila jibu lililoandikwa. Akisita kwenda peke yake, fuatana naye.