Mezani juu ya Ziwa Kivu

Anayetoka Bukavu kwenda Goma kwa njia ya ziwa hula mara moja njiani. Habari za semina iliyotupeleka kule mtazisoma katika ripoti ya mama katibu. Sisi leo tunasimulia chakula hicho kimoja, kwa sababu kilitunyima usingizi.

Tulikuwa 11, wakati wa likizo ya Pasaka. Wenye haraka hupanda kano za mbio. Sisi tulichagua meli, bato kama tunavyosema, maana tikiti ilikuwa nafuu na watatu kati yetu walikuwa hawajawahi kuliona ziwa kwa utulivu. Iliondoka saa 1 na nusu asubuhi. Nyuma yetu Bukavu ikabaki na rasi zake 5, ule mkono wa kijani uliotumbukiza vidole majini. Kushoto milima ya Kalehe, kulia kisiwa cha Idjwi, kirefu hata ukadhani hakina mwisho. Ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa asubuhi hupenya hata vitenge viwili. Ilipofika saa 4 kila mtu alikuwa akitafuta mahali pa joto, na mahali pa joto ni chumba cha kulia.

Chumba kilikuwa na meza 8 na televisheni iliyopiga muziki kwa sauti ya harusi. Binti wa kuhudumia alikuwa mmoja tu. Jiko lilikuwa chini, sisi juu, na katikati ngazi nyembamba ya chuma. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alimhesabia: kabla sisi hatujaagiza chochote alikuwa ameipanda mara 14.

Tulianza vibaya. Mmoja wetu alimwita kwa "psss!" kisha akagonga glasi kwa kijiko. Tunaandika "mmoja wetu", lakini sote tulikuwa tumekaa pale na hakuna aliyemzuia. Mama mshauri, ambaye hasemi mara nyingi, aligeuka na kusema, "Hata mbuzi wangu wana majina." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akamwuliza binti jina lake, na tangu hapo tukamwita kwa jina. Hatuliandiki hapa, maana hatukumwomba ruhusa.

Akaja na birika na beseni. Nyumbani kwetu anayemimina maji ya kunawa huwa ni mtoto au mke wa kijana wetu. Wazee hunawa kwanza, na kila anayemaliza humwambia "aksanti". Kwenye meli tulinyoosha mikono huku vichwa vimegeukia mazungumzo, kana kwamba maji yanatoka ukutani. Mmoja alikung'uta vidole na matone yakamfikia binti usoni. Na kati ya sisi 11, wanne ni walimu! Kila asubuhi tunawarudisha watoto mlangoni waingie upya kwa sababu hawakusalimu. Adabu tunayo, tena ya kutosha kufundisha wengine, ila siku ile tulikuwa tumeiacha bandarini pamoja na watu waliotusindikiza.

Kuagiza nako kukawa kelele. Huyu anataka bugali, halafu hapana, makemba. Yule anaita tena kwa ajili ya pilipili. Wa tatu anakumbuka chai wakati binti ameshafika chini. Kila kubadili nia ni ngazi moja zaidi kwa mtu mwingine. Safari nyingine mmoja wetu atashika karatasi, aandike maneno ya wote, ndipo amwite mhudumu mara moja.

Kuhusu sinia tulijifunza kwa hasara. Binti alikuja na chupa 6 za Fanta juu ya kiganja kimoja, meli ikaanza kuyumba. Mwenzetu, kwa moyo mzuri kabisa, akachomoa chupa ya pembeni ili kumpunguzia mzigo. Sinia likalala upande wa pili, chupa moja ikaanguka na kupasuka. Anayebeba sinia amepanga uzito wake mwenyewe, na anajua atoe ipi kwanza. Ukitaka kumsaidia, ondoa mkoba wako njiani, vuta kiti, mwache aweke. "Si kitu, mama," alisema, akapiga magoti kuokota vioo. Nasi tuliamini kwamba si kitu.

Chakula kilikuwa kizuri, hilo tuliseme. Sambaza wa kukaanga, wakavu, na bugali ya moto. Hawa samaki wadogo tunaowaona kama wenyeji wa Kivu toka zamani waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa hatujui tungekula nini bila wao. Wengine wetu waliongeza sahani. Fakture ilikuwa imekwisha kuandikwa, tukasema tutalipa za nyongeza baadaye.

Baadaye ikawa Goma. Anayejua kufika Goma kwa meli anajua: Nyiragongo inaonekana mbele, mtu mmoja anasimama, na mara watu wote wamesimama. Mizigo, watoto, wachukuzi wanaoita kutoka chini. Mama mweka hazina alimshika binti mkono penye mlango, akampa pesa za fakture, tukashuka.

Usiku ule, mahali tulipolala, mweka hazina alimwaga pesa kitandani akahesabu. Akahesabu tena. Zilikuwa zimezidi franka 36,000. Tulikumbuka polepole: sahani 3 za nyongeza kwa 10,000 kila moja, na Fanta 2 kwa 3,000.

Wawili walisema ni baraka. Mwingine akasema mwenye meli ni tajiri, hatasikia maumivu yoyote. Tukaanza kwenda kulala. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye binti yake anahudumu katika mkahawa mmoja wa mjini, akatueleza hesabu inavyofungwa jioni. Jikoni huandika kila sahani iliyotoka. Mhudumu huleta pesa. Zikipungua, haulizwi mwenye meli wala abiria aliyekwisha kwenda zake. Pengo linakatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Hata chupa tupu zinahesabiwa, iliyopasuka ina bei yake. Tulinyamaza. Tulikuwa tumekwenda Goma kujifunza kushika vitabu vya vikundi vyetu vya akiba, vile vya AVEC, na daftari la kwanza tuliloharibu lilikuwa la mtoto wa watu.

Tulikaa macho, na mazungumzo yakaenda mbali. Mwenzetu mmoja ana mdogo wake aliyewahi kuhudumia meza kwenye zile meli kubwa za utalii baharini. Kule mhudumu hutia saini mkataba wa miezi mingi, na mara nyingi hufanya kazi siku zote 7 za juma. Katika meli nyingi matabishi huongezwa kila siku kwenye hesabu ya msafiri, na kuna wasafiri ambao siku ya mwisho huenda kuomba yafutwe, baada ya kuhudumiwa safari nzima. Lakini baharini kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 2006, ambao kwa kipimo chake kimoja unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na mhudumu wa meza naye anahesabiwa kuwa baharia. Mkataba huo hauzihusu meli zinazotembea kwenye maji ya ndani tu, kama ziwa letu. Huku kwetu kuna Kanuni ya Kazi ya 2002, yenye saa 45 kwa juma. Sheria ipo, ila abiria naye ana sehemu yake: akiondoka bila kulipa, mtu fulani amefanya kazi bure.

Tumetaja matabishi. Neno hilo limetoka kwa Wareno, kwao ni "kuua mdudu", yaani kile kinywaji kikali cha asubuhi, na Angola mpaka leo ni jina la chakula cha asubuhi. Kwetu limechafuka, kwa sababu tumezoea kulisikia pale mtu anapotaka kupigiwa muhuri. Ndiyo maana baadhi yetu waliona haya kumpa binti chochote. Sisi tunaona hivi: kinachotolewa kabla ili upewe haki yako ni rushwa, kinachotolewa baada ya kula, kwa hiari, ni shukrani. Mpe mkononi, mwangalie usoni, utaje jina lake. Usikifiche chini ya sahani yenye mifupa. Na kwanza ulipe fakture.

Jumamosi tulirudi kwa meli ileile. Aliyetuhudumia alikuwa binti mwingine. Tulimwuliza mwenzake yuko wapi, akatazama mlango kabla ya kujibu. Amebaki nyumbani, alisema, anangoja kuambiwa kama atarudi. Hesabu yake ilipungua.

Tulimwomba mkuu wa chumba cha kulia. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, mwenye kuchoka. Alifungua daftari na pale palikuwa na siku yetu: 36,000, na chupa moja chini yake. Mama mshauri alizungumza kwa niaba yetu. Hakumlaumu mtu, wala hakupandisha sauti, alisema tu, "Baba, deni hili ni letu, na chupa tuliivunja sisi." Tukalipa vyote. Akaandika. Tukaomba karatasi, tukaandika barua fupi ya kueleza, majina 11 na saini 11, akaikunja na kuiweka ndani ya daftari. Alisema atasema na wakubwa wake. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Njiani kurudi tulikula tena. Tulinawa kwa zamu, wazee kwanza, na binti yule mpya alisikia "aksanti" 11. Alitutazama kwa mashaka kidogo, kama mtoto anayesifiwa na mwalimu mkali.

Ziwa lilikuwa limetulia. Karibu na Idjwi wavuvi walikuwa wakirudi na zile mashua zao tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba, na watu wetu watatu ambao hawakuwa wameliona ziwa walisimama nje mpaka sauti zikaisha.

Majuma mawili baadaye mweka hazina na mama katibu walirudi Goma kupeleka madaftari. Walipoingia chumba cha kulia, waliyemkuta ni yule binti wa kwanza. Alikuja na birika na beseni, akawasalimu vizuri, akawamiminia maji. Waliagiza bugali na sambaza kwa watu wawili. Akaandika, akashuka ngazi, akapanda tena. Aliweka fakture mezani kabla ya sahani, akasimama pale akingoja.

Wakalipa.